Ujiji 1871: tuandike 10 Novemba au 27 Oktoba?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee wangu. Nafundisha darasa la sita hapa Ujiji. Mimi na watoto tunatengeneza kalenda ya ukutani ya 'Siku kama ya leo', kila siku tukio moja lililotokea Kigoma au Tabora. Kwenye 10 Novemba tuliandika siku Stanley alipokutana na Livingstone, mwaka 1871, kama jiwe la kumbukumbu linavyosema. Juzi amekuja mgeni, akasoma ukuta wetu, akasema tumekosea, ni 27 Oktoba. Watoto wananitazama mimi. Tuandike ipi? Na nitajuaje kama tarehe nyingine tulizoweka zinaaminika?"

Marahaba, mwalimu. Msiifute kwanza. Mgeni wenu hakuzua, na jiwe halikudanganya. Kila mmoja kashika daftari la mtu wake. 10 Novemba ni tarehe ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilohilo kabla Oktoba haijaisha, na wapo waandishi ambao kwa sababu hiyo wanaandika 27 Oktoba. Wengine husema tu "mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba 1871" wakapita. Kwa hiyo mtoto aliyeandika 10 Novemba hajakosea. Ameacha maneno mawili tu: ya Stanley. Tarehe ni hesabu, na kila hesabu ina mwenyewe. Nitakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ukuta wenu mzima umesimama juu yake.

Mfikirie mtu aliyekuwa bara mwaka ule. Hana redio wala simu, na gazeti akilipata ni la miezi mingi nyuma. Tarehe anaitunza mwenyewe. Kila jioni anafungua daftari, anaandika namba inayofuata ile ya jana. Akiugua siku nane akazinduka akidhani ni tano, basi kuanzia hapo kila tarehe anayoandika imepungua siku tatu, hata kama mengine yote anayoyasimulia ni kweli tupu. Na kosa hilo halimuumi popote, kwa hiyo hawezi kulijua. Atalijua akikutana na msafara uliotoka pwani karibuni, au akipata kile kitabu cha wanamaji kinachoonyesha jua na mwezi viko wapi kila siku ya mwaka, au akiinua macho autazame mwezi.

Sasa watazame hao wawili walivyokuwa kabla ya kukutana. Livingstone alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, baada ya kuona watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwezi Julai. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatisha mistari ya chapa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kwa matunda ya huko. Wino ule ulififia kiasi kwamba kurasa hizo zimekuja kusomeka vizuri mwaka 2011, baada ya kupigwa picha kwa mianga ya namna mbalimbali. Alirudi Ujiji mgonjwa, amekonda amebaki mifupa, akakuta mali yake aliyoitegemea imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa 23 Oktoba, na Stanley akafika siku chache tu baadaye.

Stanley naye alikuwa ameingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi Juni. Homa ikamwangusha hadi akapotewa na fahamu, na alipozinduka ilibidi ategemee wengine kumhesabia siku. Kisha akanaswa na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora na Kwihara. Anasema Mirambo aliingia Tabora 22 Agosti, siku aliyouawa Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu hao. Hapo watoto wako waelewe jambo moja: tarehe hiyo ya Tabora na ile ya Ujiji zimefungwa kamba moja. Zimetoka katika daftari moja, zikahesabiwa na mtu mmoja baada ya homa ileile. Ukiitilia shaka moja huwezi kuiacha nyingine inapita hivihivi.

Kuna mahali unaweza kumwona Stanley akihesabu. Kwenye kitabu chake cha 1872 anaandika kwamba 10 Novemba ilikuwa Ijumaa, siku ya 236 tangu Bagamoyo na ya 51 tangu Unyanyembe. Wape watoto kalamu wahesabu. Aliondoka Kwihara 20 Septemba, na kutoka hapo hadi 10 Novemba ni siku 51 kamili. Hapo yuko sawa. Lakini Bagamoyo anasema aliondoka 21 Machi. Kutoka hapo utapata siku 234, na ukiihesabu na siku yenyewe ya kuondoka, 235. Huipati 236 kwa njia yoyote ile. Ni siku moja tu imeteleza, na haibadilishi historia ya Ujiji. Mimi naipenda kwa sababu inamtoa mtu nyuma ya kitabu: amechoka, ana msururu wa siku kichwani, anajumlisha.

Sasa hiyo Ijumaa. Kwa kalenda, 10 Novemba 1871 ilikuwa Ijumaa kweli. Chukua punje kumi na nne za maharage, zipange mezani mistari miwili ya saba saba, halafu waulize watoto: ukirudi nyuma punje zote hizi kutoka Ijumaa ya 10 Novemba, unafika siku gani? Watafika 27 Oktoba, na watafika Ijumaa. Tarehe mbili zinazogombana zimeachana kwa wiki mbili kamili, kwa hiyo zina siku ileile ya juma. Hilo peke yake halithibitishi kitu. Lakini Ujiji ulikuwa mji wenye Waislamu wengi, na mahali penye sala ya Ijumaa mtu anaweza kupotea tarehe, mwezi na hata mwaka, asipotee Ijumaa. Mimi kati ya vyote alivyoandika Stanley kuhusu siku ile, neno Ijumaa naliamini kuliko namba kumi.

Na kalenda ya wenyeji tuitazame, maana watu wa Ujiji hawakuwa wamekaa bila tarehe wakingoja wageni wawaletee. Wafanyabiashara wa pale waliandika barua kwa hati za Kiarabu na kuhesabu miezi ya mwandamo. Kwa hesabu ya Hijria, mwaka 1288 ulianza karibu na 23 Machi 1871, na Ramadhani yake karibu na 14 Novemba. Weka nafasi ya siku moja mbele au nyuma, kwa ajili ya kuonekana kwa mwezi. Maana yake 27 Oktoba ilikuwa kama mwezi 12 Shaaban, na 10 Novemba kama mwezi 26 Shaaban. Zote mbili zinaangukia Shaaban, mwezi ambao wazee wetu wa Kiswahili wanauita Mlisho kwa sababu watu hulishana kabla ya kufunga. Stanley anasimulia kwamba mchana ule walipokaa barazani sahani zilianza kuingia kutoka nyumba za jirani: Said bin Majid alileta maandazi ya nyama yenye moto, Mohamed bin Salih kuku wa mchuzi, Mwinyi Kheri mbuzi na wali. Mgeni angekirimiwa mwezi wowote. Hata hivyo nikisoma sahani zile zikifuatana nauona mwezi wa Mlisho, na naona kwamba Stanley aliponea chupuchupu. Kwa tarehe yake mwenyewe, angechelewa siku nne tu angeukuta mji umefunga.

Jambo la mwisho kuhusu mwezi ni zuri zaidi, na darasani kwako wapo watoto watakaolielewa kuliko msomi wa ng'ambo. Tarehe 12 Desemba 1871 jua lilipatwa kabisa, watu wakaliona huko India. Jua hupatwa mwezi unapopita katikati ya jua na dunia, siku za giza ambazo usiku mwezi hauonekani. Rudi nyuma kutoka hapo mwezi mmoja wa mwandamo, siku ishirini na tisa na nusu, utaona kwamba usiku wa karibu na 12 au 13 Novemba ulikuwa giza totoro. Rudi tena nusu mwezi, utakuta mbalamwezi kubwa karibu na 28 Oktoba. Kwa hiyo kama msafara ulifika 27 Oktoba, usiku ule Ujiji uling'aa. Kama ulifika 10 Novemba, usiku ule ulikuwa wa dagaa.

Mtoto wa mvuvi wa Kibirizi au Katonga hahitaji kuelezwa. Anajua mitumbwi hailali ziwani siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa hazifuati taa mwezi ukiwa mkubwa. Anajua pia giza likirudi ndipo taa za wavuvi zinapojaa ziwa hadi upeo wa macho. Na siku chache kabla ya kufika Ujiji, msafara wa Stanley ulipita Uha kwa kuvizia usiku, ukikwepa hongo, yaani ushuru wa njia, uliokuwa umewamalizia vitambaa vyao vya kulipia. Watu wazima na mizigo kichwani, porini, usiku. Kila anayesoma masimulizi ya safari ile aulize: walitembea kwa mwanga wa nini? Mpe swali hilo mwanafunzi mmoja mwenye subira, alifanyie kazi muhula mzima. Ni utafiti kamili, na chombo chake ni mwezi wa Kigoma.

Kabla sijatoka Ujiji, nina ombi. Kisanduku chenu kinasema "Stanley alikutana na Livingstone". Wapo watu wengine waliokuwepo. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni akamsalimu kwa Kiingereza, kisha akarudi mbio kumwambia Livingstone. Chuma, mtumishi mwenzake, alikuwepo. Selim, kijana wa Jerusalem, alikuja kama mkalimani. Na msafarani alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India, ambaye alikuwa ameshafika Ujiji Februari 1858 na Burton na Speke. Kwa Stanley siku ile ilikuwa ya kuuona mji kwa mara ya kwanza. Kwa Bombay ilikuwa kurudi baada ya miaka kumi na tatu. Yale maneno maarufu ya salamu ya Stanley, "Daktari Livingstone, nadhani?", ambayo watalii huyatamka chini ya miembe, Livingstone hayaandiki popote katika shajara yake, na kurasa za daftari la Stanley zinazohusu saa ile zimechanwa. Kumbe salamu inayojulikana dunia nzima ina shahidi mmoja tu, na ukurasa wake mwenyewe umechanwa. Jina la Bombay lina mashahidi wengi. Liwekeni.

Umesema kalenda ni ya Kigoma na Tabora. Basi nikupe siku ya Tabora iliyo imara kuliko hiyo ya Ujiji. Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji pamoja, wakafika Kwihara Februari 1872, wakakaa kwenye tembe moja. Halafu Stanley akaondoka kurudi pwani, wasionane tena. Stanley anaandika kwamba waliagana 14 Machi 1872. Fungua shajara ya Livingstone: 14 Machi, Stanley anaondoka, nimemkabidhi shajara yangu imefungwa kwa mihuri mitano. Mihuri yenyewe aligonga kwa alichokuwa nacho, ikiwemo sarafu ya dhahabu ya Marekani na vipande vya anna vya India. Madaftari mawili, mikono miwili, siku moja. Siku ya kukutana walitofautiana kwa sababu kila mmoja alikuja na hesabu yake kutoka porini. Siku ya kuagana wakalingana kwa sababu walikuwa wamekaa miezi minne wakitumia kalenda moja. Ilikuwa Alhamisi. Mkiweza kuwapeleka watoto Tabora, tembe la Kwihara bado lipo na ni makumbusho. Wasimame mlangoni waone njia aliyosindikizwa nayo mgeni. 14 Machi iandikeni kwa wino mzito.

Livingstone hakutulia hata kifoni kwa upande wa tarehe. Vitabu vinasema alifariki 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Lakini juu ya mti pale walipouzika moyo wake, Jacob Wainwright, mmoja wa wenzake aliyejua kusoma na kuandika, alichonga 4 Mei 1873. Vijana wale walikuwa wamemkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakata roho. Majwara, kijana aliyelala humo, ndiye aliyemwamsha Susi. Mtu anayekufa kati ya usiku na alfajiri, bila saa ukutani, unampa tarehe ipi?

Na hapa usisahau kwamba sisi wenyewe tuna mahesabu mawili ya usiku. Kwa kalenda ya shuleni siku inageuka saa sita ya usiku. Kwa wazee wa Ujiji siku inageuka magharibi, jua linapozama. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wewe ungeuita Alhamisi usiku. Nimewahi kumwandikia bibi mmoja kumbukumbu za msiba wa familia yake, nikaweka tarehe nilivyosikia. Mjukuu wake alipolinganisha na daftari la msikiti tukakuta nimechelewesha siku nzima. Bibi hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyeusikia usiku wake kwa sikio la kalenda yangu. Tangu hapo nikihojiana na mzee namwuliza: usiku wa kuamkia lini? Wafundishe watoto swali hilo kabla hawajaenda kuwahoji babu zao, litawaokoa na makosa mengi.

Tarehe za vita vya Wajerumani na Wabelgiji hazitakusumbua. Majeshi huandika tarehe na saa kwa amri, simu za upepo zinaenda, na adui naye anaandika upande wake. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji 19 Septemba 1916. Jenerali wao, Tombeur, baadaye alipewa ubaroni uliobeba jina la Tabora. Kigoma walikuwa wameshaichukua mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Hizo ziandikeni bila wasiwasi.

Meli yetu ndiyo yenye mtihani, ingawa wa namna nyingine. Tarehe zake zinajulikana vizuri, tatizo ni nyingi. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kiasi cha 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hii iliyofika Kigoma Februari 1914. Ilishushwa majini hapa Kigoma 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiwe ya adui, lakini mafundi walizipaka mashine zake grisi nene kwanza, kwa kuamini kwamba siku moja itatoka. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua 16 Machi 1924, na 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini akaliandika. Sasa siku yake ya kuzaliwa ni ipi? Ningekuwa mimi ningechagua 26 Julai, siku ya grisi. Meli hiyo inaishi mpaka leo kwa sababu ya kazi iliyofanywa siku ile ya kuizamisha. Fundi anayepaka grisi mashine anayokwenda kuizamisha ni mtu anayestahili kisanduku chake. Lakini hayo ni mapenzi yangu; watoto wapige kura.

Kuhusu watemi kuwa mwangalifu zaidi. Mirambo alifariki 2 Desemba 1884, na hilo tunalijua kwa siku kwa sababu Urambo kulikuwa na wamisionari waliokuwa wakiandika barua kwao. Isike wa Unyanyembe ni tofauti. Ngome yake ilivamiwa na Tom von Prince Januari 1893, na alipoona imevunjwa alijilipua kwa baruti asitekwe. Siku ile iliandikwa na waliomshinda. Kwake mimi ningeandika "Januari 1893" katika kisanduku kikubwa kinachochukua mwezi mzima, nisiibane heshima yake kwenye tarehe moja ya ripoti ya adui.

Vivyo hivyo mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958. Watu hutaka siku moja ya "uamuzi wa busara" wa kukubali kura tatu, yaani kila mpigakura kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Lakini uamuzi ule ulichukua siku kadhaa za kubishana, wajumbe wengi wakiwa wameingia ukumbini wamekataa kabisa, na Nyerere akiwashawishi mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakukubali hadi mwisho. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Ukiubana katika siku moja unaufuta ubishi wenyewe, na ubishi ndio ulioufanya uamuzi uwe mgumu. Chora mshale mrefu upite juu ya visanduku vyote vya siku zile.

Umeniuliza utajuaje. Mimi hujiuliza kwanza nani aliyeihesabu siku hiyo, na alikuwa mzima au mgonjwa. Kisha natafuta mtu wa pili ambaye hakumwigilizia wa kwanza, maana vitabu ishirini vinavyomnukuu Stanley ni Stanley mmoja tu. Halafu nauliza siku ya juma, na mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo, kwa sababu mtu aliyetunga tarehe mara nyingi anasahau kutunga mwezi. Nikimkosa shahidi wa pili siitupi tarehe. Naiandika na jina la mwenyewe kando yake.

Kwa mfano, linganisha na tarehe za zama zetu. Tarehe 10 Novemba 1995 Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa watu wa Ogoni, na wenzake wanane walinyongwa Port Harcourt, Nigeria. Kulikuwa na hukumu iliyoandikwa, redio, na watu waliokuwa wakifuatilia duniani kote. Siku hiyo haina mjadala hata baada ya miaka mia. Kama ukuta wenu ungekuwa wa Afrika nzima ningewaambia 10 Novemba iwe yake. Kwa kuwa ni wa Kigoma na Tabora, turudi mwembeni.

Nendeni wote pale kwenye jiwe siku ya mchana mtulivu. Wasome maandishi kwa sauti. Waoneshe miembe ambayo inasemekana imetokana na ule uliokufa. Kisha waulize: jiwe hili lilipochongwa, aliyechonga alinakili kutoka wapi? Watajibu wenyewe.

Na mkirudi, kisanduku cha 10 Novemba muandike hivi: "1871, Ijumaa, mwezi wa Mlisho, kwa hesabu ya Stanley: msafara wa Stanley, na Bombay akiwemo, wafika Ujiji, na Susi anawapokea. Livingstone na Stanley wakutana." Cha 27 Oktoba muandike maneno hayohayo, ila mbadilishe jina la mwenye hesabu, na pembeni mchore mwezi mpevu. Kile cha 10 Novemba mchoreni mwezi mwembamba wa alfajiri, ule ambao wavuvi wanauona wakirudi Kibirizi na mizigo yao ya dagaa.